Deni na kizimba chake

Mtu niliyekuwa namdai alinilipa mtoto wa mbwa wa miezi miwili. Nikamwita Deni. Ndani ya wiki mbili alinimalizia kandambili tatu, zote za mguu wa kushoto, na sebule ikanuka mkojo. Jirani mmoja hapa Mwanga, Kigoma, akanishauri nimfunge mnyororo mchana kutwa, eti atakuwa mkali. Mwingine akasema nimsugue pua kwenye mkojo wake. Hilo nililijaribu, na Deni akajifunza kukojoa nyuma ya kochi.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Nikajiona mjanja: mbwa si atakua? Nikaagiza kizimba cha nondo ambacho mtu mzima anaingia akakaa kitako. Najua, maana niliingia mwenyewe kupima, fundi akicheka. Na rangi na guta la kukileta, ilikuwa laki na kitu.

Usiku wa kwanza Deni alilala kona ya kulia, akanya kona ya kushoto. Akalala fofofo, kama mpangaji aliyepata chumba chenye choo cha ndani! Mbwa hapendi kuchafua anapolala, lakini mimi nilikuwa nimempa chumba na ukumbi. Nikaazima kreti mbili za soda dukani, nikazisimamisha katikati ya kizimba na kuzifunga kwa mpira wa baiskeli. Ikabaki nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu. Alivyokua, nikawa nazisogeza. Mavi yakaisha, alimradi nimtoe kila baada ya saa mbili tatu, hata usiku. Kibofu cha mtoto ni kidogo.

Kabla ya usiku huo wa kwanza, kuingia kwenyewe kulikuwa na vituko. Mlango niliuacha wazi, bakuli la ugali na dagaa nikaliweka mwisho kabisa. Akaingiza shingo, miguu ya nyuma ikabaki nje, akaling'ata bakuli ukingoni, akalivuta taratibu mpaka mlangoni, akala akiwa nje. Kesho yake nikalifunga kwa waya kwenye nondo za nyuma. Akanitazama, akalitazama, akaingia. Siku ya tano nikamkuta analala humo bila kuambiwa.

Kufunga mlango nilianza na dakika moja moja. Akilia kwa kudeka, subiri anyamaze kwanza ndipo umfungulie. Mke wangu alimwonea huruma mara moja, tukalipia usiku tatu za kelele. Na usimtupe humo kwa hasira, atakichukia.

Mtaalamu wa mifugo alipokuja kumchoma sindano ya kichaa cha mbwa, majirani walikimbizana na mbwa wao kwenye migomba. Wangu alikuwa kwake anasubiri. Radi za hapa Kigoma zikianza, anaingia mwenyewe, nafunika kizimba kwa kanga kuukuu, kimya.

Lakini aliyefaidi zaidi ni bibi wa nyumba ya pili, mtu wa swala tano, ambaye alikuwa haingii uani kwangu akiogopa kulambwa udhu ukiwa mbichi. Siku hizi anapiga hodi getini.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Yule bwana yuko kwake?”

“Yuko kwake, bibi, karibu.”

Anakaa mkekani, anakunywa chai. Deni anamtazama kupitia nondo, kidevu juu ya kreti moja niliyomwachia, ambayo mwenye duka ananidai hadi leo.