Kufungulia Tena Vinyunyizio vya Bustani Baada ya Baridi

Kila majira ya baridi yanapokwisha, hamu ya kufungulia maji ya bustani hunijia mapema kuliko inavyofaa. Nimejifunza kuizuia, kwa sababu udongo wa juu unaweza kuwa umelainika ilhali ule wa chini, mabomba yalimolazwa, ungali umeganda. Kwa hiyo nachimba kidogo kwa sepetu ili kuhakikisha.

Kazi inayodai subira zaidi ni kufungua koki kuu. Mwaka mmoja niliifungua kwa mkupuo mmoja, maji yakaingia kwa kishindo katika mabomba yaliyojaa hewa na kupasua kiungio ambacho nilishinda siku nzima nikikifukua. Tangu hapo naizungusha kidogo kidogo, nikiwa nimeondoa kichwa cha kinyunyizio cha mwisho ili hewa na mchanga vitoke, na sikirudishi kabla mvumo wa hewa haujakoma.

Kisha nawasha eneo moja baada ya jingine huku nikitembea. Kinyunyizio kisichoinuka mara nyingi huwa kimezibwa na uchafu kwenye chujio, nalo husafishwa kwa maji na mswaki mkuukuu. Dimbwi lisilokauka huashiria ufa kwenye bomba, kwani maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9. Betri ya kidhibiti, yaani kifaa kinachowasha na kuzima vinyunyizio kwa saa zilizopangwa, naibadilisha tu, bila kuipima.

Mwishowe napanga makopo matupu kwenye nyasi kwa dakika 15, nikapima kina cha maji. Nyasi nyingi hutosheka na milimita 25 kwa wiki, mvua ikiwemo, ila wakati wa joto kali huenda zikahitaji zaidi.