Mashine iliyopona kila nilipofungua mlango

Mashine ya kuuzia bidhaa ilikuwa ikimeza noti na kukana. Mteja anaingiza noti, mota inaivuta hadi katikati, taa inazimika, kisha kisoma noti kinaanza upya kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mara nyingi noti ilirudishwa. Mara chache ilishuka kwenye kasha la fedha bila kuhesabiwa, na hapo ndipo ugomvi na wateja ulipoanzia. Mimi nikifika na begi la vifaa, nikifungua mlango, mashine inafanya kazi kana kwamba haijawahi kuugua.

Nilianza na lililo rahisi: nikasafisha sensa na mikanda ya kuvutia noti, maana uchafu ndio unaosumbua visoma noti mara nyingi. Ilitulia siku mbili, ikarudia. Nikabadilisha kisoma noti kizima na kukiweka cha zamani kando kama kibovu. Kesho yake, ugonjwa uleule. Vifaa viwili haviwezi kuugua sawasawa hivyo, kwa hiyo nikageukia kile vilichokitumia vyote viwili, yaani nyaya.

Mashine yenyewe hutumia mfumo wa MDB, yaani njia ya pamoja ya mawasiliano kati ya bodi kuu na vifaa vya malipo, unaopatikana kwenye mashine nyingi za kuuzia bidhaa. Umeme na data hupita kwenye konekta moja ya pini 6. Pini ya 1 hubeba umeme wa DC, kwa kawaida volti 34, na ya 2 ni njia yake ya kurudi. Ya 3 haina kazi. Data hupita ya 4 na ya 5, na ya 6 ni njia ya kurudi ya data. Bodi kuu hukiuliza kisoma noti hali yake tena na tena kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, nacho hutakiwa kuanza kujibu ndani ya milisekunde 5. Kikikaa kimya muda mrefu, bodi inakihesabu kimepotea na kukianzisha upya.

Nilipima pini ya 1 na ya 2 kisoma noti kikiwa kimechomolewa: volti 34, safi kabisa. Kipimo hicho kilinipotezea jioni nzima. Multimita, yaani kipima umeme, haivuti umeme wa maana, hivyo pini iliyolegea inaonekana nzima mbele yake. Mguso wenye omu 5 hauonyeshi kasoro yoyote mpaka mota ianze kuvuta. Mota ikivuta ampia 2, volti 10 zinapotelea pale pale kwenye mguso.

Basi nikapima kwa namna nyingine. Ncha moja ya multimita niliiweka kwenye hasi ya pawasaplai (kifaa kinachoipa mashine umeme wa DC), nyingine kwenye waya wa pini ya 2 upande wa kisoma noti, nyuma ya konekta. Njia ya kurudi isiyo na kasoro isingeonyesha hata nusu volti. Multimita yangu huhifadhi kipimo cha juu kabisa, nami nikaiacha ikisubiri. Noti ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Ndipo nikakumbuka kwamba wateja huingiza noti mlango ukiwa umefungwa! Nikapitisha nyaya za multimita kwenye upenyo, nikafunga, nikaingiza noti. Kisoma noti kikazimika, na multimita ikawa imeshika zaidi ya volti 11.

Nyaya zilikuwa zimefungwa kwa kubanwa mno karibu na bawaba. Mlango ukifungwa zilivutika, ukifunguliwa zikalegea. Miezi ya kufungua na kufunga ili kutoa fedha ilikuwa imelaza kile kijiulimi kinachoishikilia pini ya 2 ndani ya konekta, na pini ikawa inarudi nyuma na kugusa kwa nchani tu. Kumbe kila nilipofungua kukagua, nilikuwa naitibu bila kujua.

Nilizima umeme, nikasubiri kapasita zitoe chaji, kisha nikachomoa. (Kuchomoa konekta hizi umeme ukiwa umewaka ni njia ya haraka ya kuua bodi.) Nikavuta kila waya polepole, mmoja mmoja, huku nikisikiliza mlio wa multimita, unaodumu maadamu waya unagusa. Waya wa pini ya 4, ambao hupeleka majibu kwenye bodi kuu, ukakatika sauti. Aliyeubana kwenye pini mwanzoni alibana ganda la plastiki, na nyuzi chache za shaba ndizo zilizokuwa zikigusa. Hapo nikaelewa zile noti zilizomezwa bila kuhesabiwa: kisoma noti kilikuwa kimeshazipokea, ila taarifa haikufika.

Sikutia lehemu. Lehemu huupanda waya na kuufanya mgumu, nao hukatikia pale pale kwa mtikisiko. Niliweka pini mpya na kuzibana kwa koleo lake maalumu, si koleo la kawaida nililowahi kulitumia zamani kwa haraka zangu. Kisha nikaziachia nyaya nafasi ya kutosha kwenye bawaba.

Nilifungua na kufunga mlango mara 20, nikaingiza noti 50 ukiwa umefungwa. Zote zikahesabiwa, na njia ya kurudi haikufika hata robo volti.

Kisoma noti cha zamani, kile nilichokiita kibovu, nilikirudisha mahali pake na ndicho kinachofanya kazi hadi leo. Kile kipya kiko kwenye boksi lake, na bado natafuta maneno ya kumweleza mwenye mashine kwa nini nilimnunulisha.