Ukishinda ndo umepewa kazi

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tukae kidogo kwenye Marko 10, pale Yakobo na Yohana wanamwomba Yesu wakae mmoja kulia mmoja kushoto kwenye utukufu wake. Wale kumi wakakasirika kwelikweli, na mi naona walikasirika kwa sababu hata wao walikuwa wanazitaka hizo nafasi.

Nikisoma hapo nakumbuka mashindano ya upinde na mshale ya vijijini Uingereza, huko Yorkshire, yalianza 1673 kwenye kijiji kinaitwa Scorton na mpaka leo yapo. Watu wanasimama yadi 100, yaani kama mita 91 hivi, shabaha yenyewe katikati ina kidoa cheusi cha inchi 3 tu, imajini na upepo wa uwanja wa wazi, na wa kwanza kukipiga hicho ndo mshindi, anaitwa Kapteni na anakabidhiwa mshale wa fedha. Ukitoa lugha chafu uwanjani unapigwa faini ya shilingi moja, Waefeso 4:29 kabisa hiyo, nimeipenda sana.

Ila kilichonigusa zaidi ni kwamba Kapteni ndo anapewa kazi ya kuandaa mashindano ya mwaka unaofuata. Atafute uwanja, aite watu, asimamie, na ule mshale wa fedha si mali yake, siku ikifika unarudi kushindaniwa na wenzie. Yaani mtu akishinda anaanza kuwatumikia walewale aliowashinda, na wamekuwa na utaratibu huo zaidi ya miaka 300!

Jamani, kanisani kwetu je? Mtu akichaguliwa mwenyekiti wa kwaya anawekewa kiti cha mbele, soda inaanzia kwake, na wale waliokosa kura wengine wanahama na kwaya yenyewe, na tunaona kawaida tu. Wakati Yesu mstari wa 45 anasema wazi hakuja kutumikiwa.

Kwenye jumuiya zetu wapo wanaokabidhi uongozi sasa hivi na wapo wanaopokea. Tuwaombee kwa majina kila siku saa tatu usiku, na wewe uliyekosa kura, mpigie simu aliyepata umuulize anahitaji msaada gani.