Mama, saa yako usiiguse

Kaka alipomsomea Mama tiketi, Mama alifurahi sana. Kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25. "Kumbe saa saba tu! Nami nikidhani ni mbali."

Mimi huku New Jersey nilishikwa na wasiwasi. Mama ana presha, na vidonge vyake humeza saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, hakosi. Ilibidi nijue atakaa ndani ya ndege saa ngapi hasa.

Nilianza na umbali. Ramani ya ukutani inapotosha: ukipiga mstari kwa rula utapita Nigeria. Nilichukua tufe la mwanangu nikavuta uzi toka mji hadi mji. Uzi ulipanda juu ya Sahara, nusu ya njia ikaangukia karibu na Marrakesh. Jumla ni kama kilomita 11,800. Boeing 787, ndege ambayo Kenya Airways ilianzia nayo safari hii ya moja kwa moja Oktoba 2018, hukimbia kilomita 900 hivi kwa saa. Ukigawanya unapata saa 13 na ushei. Hapo hujahesabu kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka, wala upepo wa juu utokao magharibi, ambao ndege inakwenda ikipambana nao.

Kisha nikarudi kwenye tiketi. Kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji wake. Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, hivyo 06:25 ya huku ni 14:25 ya nyumbani. Toka 23:25 mpaka hapo ni saa 15. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya Aprili: kutoka 12:55, kufika kesho yake 09:55. Machi Wamarekani husogeza saa mbele, tofauti inabaki 7. Toka 12:55 hadi 09:55 ya kesho yake ni 21; ukitoa 7 unabaki na 14, pungufu ya 15 za kuja, maana kurudi upepo unaisukuma ndege.

Daktari wake alikubali aendelee na saa za nyumbani mpaka apumzike kwetu. Nikampigia: "Mama, saa ya mkononi usiiguse, hata ukisikia rubani anataja saa nyingine." Kaka akamwandikia karatasi kwa saa zetu za Kiswahili, kwa kuwa 06:25 Mama angeisoma saa sita. Kidonge kimoja ndani ya ndege, saa 12 asubuhi. Kinachofuata, kwangu, saa nne asubuhi ya huku.

Alipotokeza uwanjani JFK, baridi kali, nilimkumbatia nikamuuliza dawa. Akakunja mkono wa koti, akaitazama saa yake: saa tisa u nusu.

"Cha asubuhi nimemeza. Hiki kingine bado saa mbili u nusu, mwanangu. Twende nyumbani."