Mzingo Aliujua kwa Kiswahili: Tulivyomwandaa Binti Yetu kwa Usaili wa Sekondari Binafsi

Binti yangu wa kwanza alimaliza darasa la saba mwezi Septemba mwaka 2024 katika shule ya msingi ya serikali hapa Nkuhungu, Dodoma, na Januari iliyofuata akaanza kidato cha kwanza katika shule binafsi ya bweni ya wasichana mkoani Morogoro. Tangu tulipochukua fomu ya kwanza hadi alipopokea barua ya kukubaliwa ilipita miezi mitano, na ndani ya miezi hiyo nilifanya makosa mawili yaliyotukosesha shule tuliyoitaka mwanzoni. Ninaandika kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao, kama wangu, wamesoma kwa Kiswahili miaka saba na sasa wanatakiwa kufanya mtihani wa kuingia sekondari kwa Kiingereza.

Uamuzi wa kutafuta shule binafsi haukuwa mwepesi, kwa sababu sekondari za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, na mimi mwenyewe ni zao la shule hizo. Kilichotusukuma ni bweni. Ninafanya kazi ya masijala katika ofisi moja iliyohamia Mtumba, kwa hiyo hutoka nyumbani alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia, na mama yake anauza nafaka sokoni Majengo hadi jioni. Tulikubaliana kiwango ambacho hatungekivuka, yaani shilingi 1,800,000 kwa mwaka zikiwa zimegawanywa katika awamu nne, na shule yoyote iliyozidi hapo tuliiacha hata kabla ya kuulizia fomu yake. Ninamshauri kila mzazi aanze na hesabu hiyo, kwa maana kumwandaa mtoto kwa shule ambayo hutaweza kuilipia ni kumpa tamaa ambayo baadaye utamnyang'anya.

Mwezi Aprili nililipa shilingi 20,000 za fomu ya shule ya kwanza, na wiki hiyohiyo nikampeleka mtoto katika kituo cha tuisheni ambacho kilisifiwa sana na majirani. Kosa langu la kwanza lilianzia hapo. Kituo kiliwapa watoto mafungu ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, wakawa wanayapitia kila siku mpaka mtoto anapoona mwanzo wa swali anataja jibu. Aidha, walimwandikia maelezo ya kujitambulisha kwa Kiingereza, mistari kumi na miwili hivi, ambayo aliikariri mpaka akawa anaisema bila kuvuta pumzi. Mimi nilimsikiliza sebuleni, nikafurahi, nikaamini kwamba amekwisha iva.

Mtihani ulifanyika Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Juni. Wiki moja baadaye nilipigiwa simu kwamba hakufaulu. Niliomba kuonana na mwalimu aliyesimamia, naye kwa wema wake akaniruhusu kuitazama karatasi ya Hisabati mbele yake bila kuondoka nayo. Alikuwa amepata 31 kati ya 100. Jambo lililonishtua zaidi ya alama zenyewe ni kwamba maswali mengi hakuyakosea, bali aliyaacha wazi kabisa, na nilipoyasoma moja moja nikaona kwamba karibu yote yalikuwa na neno moja gumu la Kiingereza katikati yake. Nilinakili matano kwenye kipande cha karatasi.

Jioni ile nilimkalisha mezani nikamsomea maswali yale kwa Kiswahili. Shamba la mstatili lina urefu wa mita 40 na upana wa mita 25. Tafuta mzingo wake. Sikuwa nimemaliza kuchora mstatili alipojibu kuwa ni mita 130. Kigawe kidogo cha shirika cha 6 na 8 alikitaja kuwa ni 24 bila kalamu. Namba tasa zilizo kati ya 20 na 30 alizijua, wastani aliupata, na sehemu alizijumlisha sawasawa. Maswali yote matano yalichukua chini ya dakika kumi. Kisha nikamwonyesha yaleyale kwa Kiingereza, akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, hili neno 'perimeter' sijawahi kuliona." Aliujua mzingo tangu madarasa ya nyuma. Jina lake la pili ndilo lililomfungia mlango, na mimi, niliyelipia miezi miwili ya tuisheni, sikuwahi kukaa naye hata jioni moja kuligundua hilo.

Kosa la pili lilihusu usaili, na nililielewa pale aliponisimulia mwenyewe. Alikuwa ameanza kujitambulisha vizuri, lakini kwenye mstari wa tatu mwalimu akamkatiza kumuuliza kama safari yao asubuhi ile ilikuwa nzuri. Hakujua la kujibu, akarudi kuanza maelezo yake upya tangu jina. Mwalimu akamkatiza tena kwa swali jingine, naye akaanza upya mara ya pili, halafu akanyamaza. Mtoto huyu ni msemaji sana nyumbani, na picha ya kimya chake mbele ya watu wazima wasiomjua iliniuma kwa siku nyingi.

Tulimwondoa tuisheni. Tulikuwa na wiki tisa kabla ya mtihani wa shule ya pili, ule wa Morogoro uliopangwa Jumamosi ya tarehe 17 Agosti, na mama yake akasema jambo ambalo lilituongoza hadi mwisho: kwamba mtoto asifundishwe kitu kipya chochote, ila vile alivyonavyo vipewe majina yake. Nilinunua daftari kubwa la kurasa mia mbili nikaligawa kila ukurasa safu mbili, kushoto Kiswahili na kulia Kiingereza. Kila jioni baada ya chakula tulifungua kitabu chake mwenyewe cha shule na kutoa maneno kumi aliyokwisha kuyaelewa. Tulianza na Hisabati kwa wiki tatu nzima, kuanzia kipenyo na nusu kipenyo hadi asilimia, faida na hasara. Baadaye tukaingia Sayansi, tukachukua wenzo, roda na kabari, mmeng'enyo wa chakula, usanisinuru, mfumo wa upumuaji. Neno halikuhesabiwa kuwa limejulikana mpaka aeleze maana yake kwa sentensi aliyoitunga mwenyewe na atatue swali moja lenye neno hilo. Jioni nyingine tulifikia maneno sita tu, na Jumapili tulipumzika, lakini hadi katikati ya Agosti daftari lilikuwa na maneno zaidi ya 400.

Kiingereza changu mimi ni cha kusoma barua za ofisini, si cha kuzungumza kwa ufasaha, na nililikubali hilo mapema badala ya kumfundisha matamshi yasiyo sahihi. Binti wa jirani yetu anasoma ualimu Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilimwomba aje kila Jumamosi kwa saa mbili, nikimlipa shilingi 10,000 na chakula cha mchana, kwa sharti moja kwamba asimwandikie mwanangu kitu cha kukariri. Kazi yao ilikuwa kuzungumza tu. Mara nyingi walikwenda sokoni kwa mama yake, ambako mtoto alieleza kwa Kiingereza kile alichokiona: mizani, magunia ya mtama na uwele, bei ya kilo na ya debe, namna alizeti inavyokamuliwa hadi ikawa mafuta, kwa nini mteja fulani amepunguziwa bei. Mwanzoni alichanganya lugha katika kila sentensi, na dada yake huyo hakumkatiza, alisubiri amalize ndipo amrudishie sentensi ileile ikiwa imenyooka. Kufikia wiki ya sita nilimsikia akimuuliza swali yeye mwenyewe bila kusukumwa, na hapo nikajua kwamba woga umeanza kuondoka.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi wengi hatulioni. Mtihani wa taifa wa darasa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu na kuweka kivuli kwenye herufi kwa penseli, ilhali shule nyingi binafsi humtaka mtoto aonyeshe njia. Mwanangu alikuwa amezoea kukokotoa pembeni na kuandika jibu pekee. Tulimzoesha kuandika kila hatua katika mstari wake, na kwa hili mwalimu wake wa Hisabati pale shuleni alitusaidia sana, kwani alikubali kusahihisha maswali matatu kila Ijumaa bila malipo yoyote.

Mwezi Julai tulipata hofu. Matokeo ya mtihani wa majaribio wa mkoa, ambao watu huuita moko, yalionyesha ameshuka katika Maarifa ya Jamii na Kiswahili, na mwalimu wa darasa akaniita kuniuliza kama nyumbani tumeacha kumsomesha kwa ajili ya mtihani wa taifa. Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulikuwa tumezama katika daftari letu tukasahau kwamba mtihani wa Septemba ndio unaompa nafasi ya serikali endapo shule binafsi zote zitamkataa. Tangu siku hiyo asubuhi kabla ya shule ikawa ya masomo ya mtihani wa taifa, jioni ikabaki ya daftari, na tukaafikiana kwamba baada ya safari ya Morogoro daftari litafungwa kabisa hadi mtihani wa taifa upite.

Tulisafiri Ijumaa kwa treni ya umeme, ambayo ilikuwa imeanza kufika Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huo, tukalala kwa shangazi yake ili asiingie chumba cha mtihani akiwa na uchovu wa njia. Njiani hatukufungua daftari hata mara moja. Mtihani wa maandishi ulichukua asubuhi yote, na mchana ukafuata usaili mbele ya Sista mkuu wa shule na walimu wawili. Baadaye alinieleza kwamba walimpa aya ya kusoma kwa sauti, wakamtaka aisimulie kwa maneno yake, kisha wakamuuliza Dodoma inajulikana kwa zao gani. Alijibu zabibu, akaendelea kueleza kwamba mama yake anauza mtama na kwamba ugali wa mtama na mlenda ndicho chakula cha bibi yake kule Chamwino. Alikosea neno, akajirekebisha, akaendelea. Walimuuliza pia angefanya nini akimkuta mwenzake analia bwenini usiku. Alijibu kwamba angekaa naye kwanza, halafu angemwambia mlezi wa bweni, kwa sababu mambo mengine watoto hawawezi kuyamaliza wenyewe. Jibu hilo hatukuwahi kumfundisha.

Sikutarajia kwamba na sisi wazazi tungehojiwa. Tuliulizwa ada italipwaje, nani atamfuata mtoto akiugua wakati mimi niko kazini, kazi gani za nyumbani anazifanya, na kati yetu ni nani humkanya anapokosea. Nilieleza kipato chetu kama kilivyo, nikataja awamu nne na tarehe ambazo kweli tungeweza kuzitimiza, badala ya kuahidi kulipa yote kwa mkupuo ili tupendeze. Sista alishukuru, akaandika tarehe zile.

Tulipopewa nafasi ya kuuliza, mama yake alikuwa na maswali tayari, na ninaona ni maswali ambayo mzazi yeyote anapaswa kuyauliza kabla ya kulipa chochote: wastani gani mwanafunzi anatakiwa kuufikia, na asipoufikia anakariri darasa au anaondolewa; michango gani iko nje ya ada; mahitaji ya bweni, kuanzia godoro na tranka hadi ndoo na sare, yanunuliwe shuleni au popote; na mtoto anazungumza na wazazi kwa simu mara ngapi. Jibu la swali la kwanza ndilo lililotupa utulivu, kwa sababu shule ile humwita mzazi na kumpangia mtoto masomo ya ziada kabla ya kufikiria kumkaririsha.

Mtihani wa taifa ulifanyika tarehe 11 na 12 Septemba, na barua ya kukubaliwa ikatufikia mwishoni mwa mwezi huo. Katika mtihani wa Morogoro, Hisabati alikuwa amepata 74. Tulilipa awamu ya kwanza Novemba, na katika likizo ile ndefu dada wa Jumamosi aliendelea kuja, safari hii wakiandaa maneno ya Baiolojia, Kemia na Fizikia kutoka vitabu vya kidato cha kwanza tulivyoazima.

Mdogo wake alikuwa darasa la tatu mwaka huo wa 2024, kwa hiyo yumo katika kundi la kwanza la mtaala mpya litakalomaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao darasa la saba nalo litamaliza. Madarasa mawili yatatafuta nafasi za kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Kwake hatukungoja fomu. Amekwisha kuanza daftari lake la safu mbili, maneno matano kila jioni, na wiki iliyopita aliandika mzingo kwa mkono wake, kushoto na kulia.