Pipa la Baba Mdogo na Vikwazo vya Rhodesia

Kila redio inapotangaza kwamba serikali fulani ya kibabe imewekewa vikwazo vya biashara, mimi hulikumbuka pipa chakavu linalokinga maji ya mvua nyumbani kwa baba mdogo, Iyunga, Mbeya. Mwaka 1966 alikuwa utingo wa lori lililopeleka mafuta Zambia kutoka Dar es Salaam.

Ian Smith, Waziri Mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), koloni la Uingereza, alikuwa amejitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, ili walowezi wachache waendelee kuwatawala Waafrika walio wengi. Uingereza ilimnyima mafuta, na Waziri Mkuu wake, Harold Wilson, akaamini kwamba mambo yangekwisha katika wiki chache. Hayakwisha. Smith aliletewa mafuta kupitia Afrika Kusini na Msumbiji ya Wareno, ilhali Zambia, isiyo na bandari na iliyozoea kupitishia mafuta yake humo humo Rhodesia, ndiyo iliyokaukiwa.

Mzigo ukahamia kwenye barabara yetu. Baba mdogo anasema kwamba lori lilipopanda mlima Kitonga wakati wa masika, yeye alitembea nyuma yake kwenye tope akiwa amekumbatia gogo, tayari kulitupa chini ya tairi iwapo lingeanza kurudi nyuma. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kwenda Zambia, lilikamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976.

Wanaodai kwamba vikwazo ndivyo vilivyomwangusha Smith hunifanya nisite. Marekani yenyewe ilipitisha sheria mwaka 1971 ya kuruhusu madini ya kromu ya Rhodesia yanunuliwe. Kilichombana hasa ni kuanguka kwa utawala wa Wareno, kwani Msumbiji ilipata uhuru Juni 1975 na Machi 1976 Rais wake, Samora Machel, akaufunga mpaka na Rhodesia, huku vita vya msituni vikizidi kupamba moto na Afrika Kusini, mlango pekee uliobaki, ikimshinikiza Smith akubali mazungumzo. Makubaliano ya Lancaster House, London, yaliyofungua njia ya utawala wa walio wengi, yalitiwa saini Desemba 1979, miaka 14 baada ya zile wiki chache za Wilson. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Rais Kaunda wa Zambia alilazimika kuifungua tena njia ya kusini, ile ya kupitia Rhodesia, ili mbolea iwafikie wakulima wake. Nadhani waliompongeza kwa msimamo wake hawakuwa na shamba la kupanda.

Nilimuuliza baba mdogo walilipwa nini cha ziada kwa hatari ile ya Kitonga. Alicheka, akalinyooshea pipa mkongojo wake.