Dada yangu anatafuta wa kulaumu

Dada alifika Jumapili kutoka Machakos, akatua kiroba cha maembe mlangoni, na kabla hajakaa akauliza: "Ni nani aliyemwambukiza mtoto wangu?"

Mtoto ni mpwa wangu wa miaka 24, makanga wa matatu za Kariobangi, anaishi kwangu Umoja. Alikohoa wiki 5. Kliniki moja ya mtaani ilimpa antibiotiki mara mbili, mara ya tatu ikamtibu taifodi. Nami, ambaye kazi yangu ni kupima makohozi ya watu, nilikuwa nikimwambia tu apunguze sigara. Hilo bado halijanishuka kooni. Siku nilipomkabidhi kikopo, majibu yalitoka jioni: TB.

Dada alishamtia hatiani msichana mmoja wa Huruma. "Ameanza kukohoa baada ya kujuana naye."

Nikamwekea chai. Nikamwambia kikohozi ndicho huja mwisho.

Bakteria wa TB husafiri ndani ya vitone vidogo vinavyobaki vikielea baada ya mgonjwa kukohoa. Vitone vikubwa hunaswa na kamasi njiani. Vile vya mikroni 1 hadi 5 hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa, chini kabisa ya mapafu, na anayevipokea huko ni seli ziitwazo makrofaji. Mimi huwaita wafagizi. Vumbi, moshi, vijidudu, wao hubugia tu.

Nawajua kwa sura. Kabla ya hizi mashine nilikesha kwenye darubini: slaidi unaipaka rangi nyekundu, unaiosha kwa asidi, unamalizia na bluu. Bakteria wa TB ana ukuta wa nta, hivyo nyekundu haimtoki, na unamwona kama kijiti kilichopinda kidogo. Lakini mimi nilianza kwa kutafuta seli kubwa za mviringo zenye vidoa vyeusi tumboni. Ukiziona unajua mgonjwa amekuletea makohozi ya mapafuni, si mate. Ule weusi ndio Nairobi yetu: dizeli ya Jogoo Road, jiko la makaa, sigara. Imeonekana kwamba wafagizi wa wavutaji sigara, wakishajaa masizi, huwa wazito kumfuata bakteria. Na huyu kijana wetu huvuta huku ananing'inia mlangoni.

"Si wamle basi?" dada akanikatiza.

Wanamla, na balaa huanzia hapo. Kikishamezwa, kijidudu hufungiwa ndani ya kifuko, kifuko hicho kikaungana na kingine chenye tindikali na vimeng'enya, kijidudu kikayeyuka. Huyu wa TB huuzuia muungano huo, na ana protini za kukitoboa kifuko chenyewe. Anafanya makao ndani ya askari aliyetumwa kumuua. Anazaana taratibu, mara moja kwa saa 20 hivi. Na askari mwenyewe hapigi kelele! Kwa panya wa maabara, siku za mwanzo, makrofaji walioambukizwa wameonekana wakishughulika kujilinda wenyewe kuliko kuita wenzao. Mwenye mapafu anakula, anacheka, anapanda matatu.

Habari hufika baadaye sana, pale seli nyingine zinapobeba vipande vya bakteria hadi kwenye tezi za kifuani na kuziamsha seli za T, kikosi kingine cha kinga ya mwili. Kwa binadamu, kipimo cha ngozi, kinachoonyesha kama kinga imeshamtambua bakteria, huchukua wiki 2 hadi 8 tangu maambukizi kabla ya kuitikia. Zikifika mapafuni, seli za T humwaga interferoni gama, kemikali ya kumpa mfagizi ishara, naye hupata nguvu ya kumaliza kazi aliyoianza, au angalau ya kumzingira adui. Kati ya watu 100 walioambukizwa, wasio na VVU, 5 hadi 10 ndio huugua maishani mwao, wengi ndani ya miaka 2, wengine uzeeni.

"Na chanjo?" Kovu la BCG analo mkononi tangu kuzaliwa. Chanjo hiyo huwakinga watoto wachanga dhidi ya TB kali, ile ya kupanda ubongoni, lakini kwa TB ya mapafu ya mtu mzima si ya kuitegemea.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "huenda ni abiria wa mwaka juzi, aliyesinzia kiti cha nyuma siku ya mvua, madirisha yote yamefungwa. Hutampata."

Akanyamaza, akinitazama. "Na wewe?"

Nikakunja shati nikamwonyesha palipodungwa mwaka ule tulipopimwa wafanyakazi wote. Kivimbe kilifika milimita 14, maana yake nami nilishaambukizwa. Picha ya kifua ilikuwa safi. Huenda wafagizi wangu walishammaliza, huenda bado wamemfungia mahali. Kipimo kile hakiwezi kutofautisha. Nilimeza dawa za kinga mara moja kwa wiki, wiki 12, mkojo ukawa rangi ya chungwa. Dada aliniuliza mbona sikumwambia. Sikuwa na jibu.

Alimenya embe moja, akampelekea mwanawe chumbani, akarudi.

"Basi yule msichana hana makosa?"

"Hana. Tena yeye ndiye anayehitaji kupimwa sasa, amekaa karibu naye wiki zote hizo."

"Apimwe," akasema. "Lakini simpendi."